Kabati za jiko zenye mafuta ya miaka: usishike msasa wala brashi kabla hujaosha hivi

#1 Msasa180

Wakuu, salaam.

Swali la kabati za jiko hurudi kila mara kwa sura ileile: rangi imebanduka, je, ninunue ipi iliyo bora? Kwa kabati za jiko, rangi ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Rangi iliyopakwa juu ya mafuta imeshika mafuta, haijashika mbao. Uzi huu ni wa kuosha tu, hadi pale praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, inapoweza kupakwa bila wasiwasi. Wenye ujuzi ongezeni, na mkiona kosa semeni.

Tuanze na kile tunachokiosha. Mafuta yanapokaangwa hurusha vitone vidogo visivyoonekana, vikapanda na mvuke na kutua kwenye milango, hasa ile iliyo juu na pembeni ya jiko. Hewa na joto huyabadilisha mafuta hayo taratibu: yanakuwa mazito, yananata na kukamata vumbi, mwisho yanakauka kuwa utando wa rangi ya asali. Ni badiliko lilelile linalokausha mafuta ya kitani juu ya mbao. Kwa hiyo ukoko wa zamani umeshakuwa nusu vanishi. Sabuni ya vyombo peke yake hutoa lile tabaka la juu linaloteleza, unadhani umemaliza, kumbe tabaka gumu bado lipo chini na linang'aa vizuri tu.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu anagusa, anaona pakavu, anachukua msasa. Joto la msuguano linalainisha mafuta, vumbi linageuka vidonge vinavyoziba karatasi ya msasa, na mafuta yenyewe yanasukumwa ndani ya mikwaruzo na vinyweleo vya mbao ambako kitambaa hakifiki tena. Osha kwanza, msasa baadaye. Hakuna aina ya kabati inayobadilisha mpangilio huo.

Kufungua. Toa milango, droo, vipini na bawaba zote. Kuosha mlango ukiwa umening'inia ni kuacha mafuta nyuma ya bawaba na chini ya vipini, na ndiko rangi huanza kunyanyuka. Kila mlango upe namba. Kwenye milango yenye bawaba za kisasa kuna tundu la duara la milimita 35 upande wa ndani: andika namba humo kwa kalamu, ufunike na kipande cha tepu ya karatasi. Tundu hilo halipakwi rangi, kwa hiyo namba itabaki hadi siku ya kurudisha. Skrubu za kila mlango zitie kwenye mfuko wake wenye namba ileile.

Kukwangua. Juu ya kabati, pale pasipoonekana, mafuta na vumbi vimeshikana kama blanketi. Usimwage maji hapo, utapata tope linalochuruzika mbele ya milango. Kwangua pakavu kwa kikwaruzo cha plastiki, futa kwa karatasi, tupa. Baada ya hapo ndipo maji yaingie.

Mchanganyiko. Maji ya vuguvugu lita 4, ambayo mkono wenye glavu unayavumilia bila shida. Soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, vijiko vya chakula 4. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko cha chai kimoja, basi. Kwa milango iliyo karibu kabisa na moto unaweza kufikisha vijiko 8 vya soda, lakini sabuni usiiongeze. Soda hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, na ile sabuni ya vyombo hubeba kilichobaki. Sabuni ikizidi inakuwa uchafu mpya wa kusuuza.

Kuosha. Lowesha sponji, ikamue, paka mchanganyiko kuanzia chini kwenda juu. Ukianza juu, maji machafu hushuka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi ambayo ni migumu kutoka kuliko mafuta yenyewe. Acha dakika 3 hadi 5, na kama pameanza kukauka lowesha tena. Sugua kwa upande mkali wa sponji ukifuata nyuzi za mbao, kisha futa kwa kitambaa kabla povu halijakauka. Maji yakishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga na uchanganye mengine. Kwa kawaida ni kila baada ya milango mitatu au minne.

Kusuuza. Maji safi, kitambaa kingine, ndoo nyingine, mara mbili, safari hii kutoka juu kwenda chini. Soda iliyobaki juu ya mbao ni mbaya kama mafuta: ikikauka inakuwa unga mwembamba, na praima inashika unga. Pitisha kiganja kikavu. Ukihisi utelezi wa sabuni, suuza tena. Kausha kwa kitambaa papo hapo, kisha simamisha milango penye hewa kwa saa 24 kabla ya kitu kingine chochote.

#2 DrooYaTatu

Asante mkuu, umeeleza vizuri. Nina maswali mawili. Ile njia ya siki na magadi ya kuokea, povu linapochemka, haitoshi? Na ile dawa ya TSP inayotajwa sana ina tofauti gani na soda ya kufulia?

#3 Alikali

DrooYaTatu, lile povu ni zuri kwa macho tu. Siki ni asidi, magadi ya kuokea ni alikali dhaifu. Vikikutana vinamalizana: unabaki na maji yenye chumvi kidogo, na kilichopanda hewani ni kaboni dioksidi. Kwa mafuta hakuna kazi iliyofanyika zaidi ya ile ya mkono wako kusugua.

Vikitumika kila kimoja peke yake vina nafasi yake. Magadi ya kuokea yakikorogwa na maji kidogo yakawa uji mzito ni kikwaruzo laini kwa doa moja lililokaidi, kwa sababu chembe zake hazichubui vanishi kirahisi. Siki haiwezi mafuta, ila inafaa mwishoni: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, kama suuzo la kati, huondoa mabaki ya soda. Baada yake suuza kwa maji matupu. Ukisuuza vizuri tangu mwanzo huihitaji.

TSP ni trisodiamu fosfeti, alikali kali kuliko soda ya kufulia, na hutoka kwa mbao kirahisi kidogo wakati wa kusuuza. Kwa ukoko mzito, vijiko vya chakula 4 kwa lita 4 vinatosha. Ina mambo matatu ya kuangalia: inachoma ngozi na macho, inaweza kulainisha rangi ya zamani, na fosfeti ikifika kwenye mito na maziwa hulisha mwani. Ndiyo sababu sehemu nyingine wanauza aina isiyo na fosfeti. Soda ya kufulia hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa uvumilivu zaidi wa mkono.

Dawa za kusafishia oveni zenye kostiki (alikali kali sana) wekeni mbali kabisa na kabati. Zinakula mafuta kweli, zinakula na vanishi, zinageuza mbao kuwa nyeusi, na mabaki yake yakiingia kwenye vinyweleo hayatoki kwa kusuuza mara mbili.

Na hili naliandika peke yake ili lisipotee: dawa yoyote yenye klorini usiichanganye na amonia wala na siki. Kwa amonia inatoa gesi ya kloramini, kwa siki inatoa gesi ya klorini. Zote mbili zinaumiza mapafu ndani ya dakika chache kwenye jiko lililofungwa. Klorini haitoi mafuta hata hivyo, kwa hiyo haina sababu ya kuwepo kwenye kazi hii.

#4 RandaKali

Naunga mkono, ila hapo kwenye maji tusiwafungie watu kwenye kapu moja. Jueni kwanza kabati ni ya nini.

Mbao nzima inavumilia maji, mradi isilowekwe. Vinia nayo inavumilia, lakini ni ngozi nyembamba ya mbao isiyofika milimita moja juu ya ubao mwingine, na gundi yake ya zamani haipendi maji ya moto. Ukiona ukingo umenyanyuka, simama, gundisha kwanza, bana kwa klampu hadi ikauke, ndipo uoshe.

MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) na chipubodi (ubao wa vipande vidogo vya mbao na gundi) ndizo za kuogopa. Uso wake ukiwa na rangi au melamini (ngozi ngumu ya plastiki) hauna shida. Hatari iko kwenye kingo, kwenye matundu ya skrubu, na pale chini ya mlango wa kabati ya sinki ambapo rangi imechubuka. Maji yakiingia humo chembe zinavimba na hazirudi tena, hata zikikauka wiki nzima. Hapo kitambaa kiwe cha unyevu tu. Kipimo changu ni hiki: ukikikamua kwa nguvu na tone lisidondoke, ndiyo sawa. Kingo zilizo wazi zifunike na tepu kabla ya kuanza.

Fomaika (bamba gumu la plastiki lililogundishwa juu ya ubao) na melamini ni rahisi kuosha kuliko zote kwa sababu hazina vinyweleo. Kazi yake ngumu inakuja kwenye praima. Milango iliyovikwa ngozi ya plastiki iliyobandikwa kwa joto usiipeleke karibu na maji ya moto sana wala mashine ya mvuke, gundi inaachia na ngozi inajikunja pembeni. Kwa kweli mashine ya mvuke sioni mahali pake kwenye kabati yoyote ya kupakwa rangi. Inayeyusha mafuta sawa, lakini inayasukuma kwenye maungio pamoja na maji.

Jambo jingine ni waya wa chuma wa kusugulia masufuria. Usiutumie. Nywele zake hukatika, zinajificha kwenye nyuzi za mbao, na rangi ya maji ikipita juu zinashika kutu. Utaona vidoa vya kahawia vinatokea vyenyewe ndani ya siku chache. Sponji ngumu ya plastiki, basi.

#5 MlangoWaJuu

Wakuu, kuzunguka vipini vya milango kuna sehemu nyeusi, inalainika ukiikwaruza kwa kucha. Kuosha kwa soda mara mbili haijatoka. Ni mafuta bado au ni nini?

#6 Msasa180

Hilo ni swali zuri sana, na ndipo kabati nyingi zinaposhindwa hata baada ya kazi nzuri.

Pale si mafuta ya kupikia peke yake. Ni mafuta ya mikono, jasho, na mabaki ya sabuni za kufutia, vyote vimekaa juu ya vanishi kwa miaka hadi vikaingia ndani yake. Vanishi yenyewe imelainika. Unachokwaruza kwa kucha ni vanishi iliyokufa iliyochanganyika na uchafu, kwa hiyo hakuna kuosha kutakakoirudisha kuwa ngumu. Lazima itoke.

Chukua kikwaruzo cha chuma chenye ncha zilizoviringwa ili zisichimbe, kishike kwa mlalo wa kama digrii 45, na uvute kuelekea kwako ukifuata nyuzi. Itatoka kama nta ya masikio, kahawia na laini. Futa kikwaruzo kila baada ya mvuto mmoja au miwili, la sivyo unairudisha ulikoitoa. Endelea mpaka kinachotoka kiwe kikavu na cheupe, kama vumbi la chaki. Hapo umefika kwenye vanishi yenye afya au kwenye mbao. Kisha osha tena eneo hilo, suuza, acha likauke, pitisha msasa namba 120 halafu 180 ili ukingo kati ya palipokwanguliwa na palipobaki usionekane chini ya rangi.

Kama mbao iliyo wazi hapo imekuwa nyeusi, weusi huo si kikwazo kwa rangi mradi pawe pakavu na pagumu. Utazibwa na praima ya kuzuia madoa.

#7 Kitambaacheupe

Naomba niongeze hatua ambayo haijaandikwa: kiyeyushi baada ya maji. Alikali inatoa mafuta mengi, lakini nta ya kung'arishia fanicha na silikoni hazijali soda. Baada ya mlango kukauka, pitisha spiriti nyeupe (white spirit, ile ya kuzimulia rangi za mafuta).

Namna ya kupitisha ndiyo siri yenyewe. Vitambaa viwili vyeupe vya pamba. Cha kwanza kina spiriti, kinalowesha eneo la kama sentimita 30 kwa 30. Cha pili ni kikavu, kinakifuata mara moja kabla spiriti haijapotea hewani. Ukitumia kimoja tu, spiriti inayeyusha mafuta, inaruka, na mafuta yanabaki palepale, sasa yakiwa yametandazwa vizuri zaidi. Vitambaa vigeuze kila eneo, na kikavu ndicho cha kukitazama: kikija na njano au kijivu, rudia. Kikija cheupe, nenda mbele.

Onyo dogo kuhusu spiriti ya kuwashia, ile ya zambarau au buluu. Watu huichukua wakidhani ni ileile. Hiyo inayeyusha shelaki (aina ya vanishi ya asili) na kulainisha rangi za maji. Kwenye kabati ya zamani yenye shelaki kitambaa kitakuja kahawia kila mara, hata mara ya kumi, na utadhani uchafu hauishi, kumbe unavua shelaki yenyewe. Jaribu kwanza kwa tone moja nyuma ya mlango: pakinata ndani ya dakika moja, umeshajua una shelaki.

#8 DrooYaTatu

Je, mafuta ya taa au petroli badala ya spiriti nyeupe? Vinapatikana kirahisi.

#9 Kitambaacheupe

Hapana kwa vyote viwili, kwa sababu tofauti. Mafuta ya taa yanakauka polepole na yanaacha utando wake mwenyewe wa mafuta, ndiyo yaleyale unayoyakimbia. Petroli mvuke wake unatambaa sakafuni na kushika moto kutoka kwenye kiberiti kilicho mbali nawe. Jikoni kuna jiko, friji na swichi. Hapana kabisa.

Hata spiriti nyeupe ifanyiwe nje au madirisha yote yakiwa wazi, na jiko la gesi lizimwe kuanzia kwenye mtungi, si kwenye kitufe tu. Vitambaa vilivyotumika usivirundike. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi vikauke kabisa, ndipo vitupwe. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linalihifadhi hadi linawaka lenyewe. Vile vilivyotumika kwa mafuta ya kitani ndivyo vibaya zaidi, lakini msijaribu bahati na vyovyote.

#10 MlangoWaJuu

Tumejua jinsi ya kuosha. Sasa tunajuaje kwamba pamekuwa safi? Kwa macho kila kitu kinaonekana safi.

#11 Msasa180

Kwa maji. Nyunyiza maji safi kidogo juu ya mlango uliolala. Yakitanda kama karatasi nyembamba, mafuta yametoka. Yakijikusanya na kuwa vitone vya duara kama umande kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta au nta.

#12 RandaKali

Hapo Msasa180 naomba tutofautiane kidogo. Kipimo cha maji ni kizuri, lakini kisichukuliwe kama hakimu pekee. Laka na vanishi inayong'aa, hata ikiwa safi kabisa, kwa asili yake inayakusanya maji kiasi. Mtu anaweza kuosha mara tano akitafuta maji yatande na yasitande, mpaka anaharibu vinia. Vilevile sabuni iliyobaki inayafanya maji yatande vizuri sana, kwa hiyo mlango usiosuuzwa unafaulu mtihani ambao ulipaswa kuufeli.

Mimi hulinganisha. Weka tone moja pale palipooshwa karibu na jiko, na tone jingine kwenye upande wa ndani wa mlango wa kabati iliyo mbali na moto, pale mafuta hayakufika. Vitone vikiwa na umbo moja, pamekuwa safi kadiri vanishi hiyo inavyoruhusu. Kisha rudia baada ya msasa, maana hapo mng'ao umekatwa, na sasa maji lazima yatande.

#13 Msasa180

Nakubali, RandaKali, hasa hilo la sabuni. Basi mpangilio uwe hivi: suuza mara mbili, kitambaa cheupe chenye spiriti kitoke cheupe, linganisha vitone, msasa, kisha kipimo cha maji cha mwisho. Baada ya hicho kausha saa kadhaa, usipake praima juu ya unyevu.

#14 Alikali

Kwa wale wenye milango yenye fremu na paneli katikati, mfereji unaozunguka paneli ndiyo hazina ya mafuta. Sponji haiingii ndani yake, inapita juu. Mswaki wa meno wenye nywele ngumu uliochovywa kwenye mchanganyiko ndio unaofika. Kona nne za ndani hazifikiwi hata na mswaki, tumia kijiti cha mbao kilichochongwa bapa, kikiwa kimevikwa kitambaa. Chuma chenye ncha kinachimba mbao, na mchimbo huo unaonekana chini ya rangi kuliko doa lenyewe.

Tazama kijiti kila baada ya kona moja. Kinatoka na uzi mweusi unaonata, na mara nyingi kona ya chini ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila mara mtu alipofuta mlango alisukuma uchafu kushuka huko.

Usilaze mlango wa paneli na kuacha maji yatuame kwenye mfereji. Paneli huwa haijagundishwa, inaelea ndani ya fremu. Maji yanaingia nyuma ya ukingo na yanakaa siku nyingi kuliko saa 24. Osha mlango ukiwa umesimama kwa mshazari, halafu pitisha kitambaa kikavu ndani ya mfereji kwa ncha ya kijiti hichohicho.

Bawaba na vipini loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo kwa nusu saa, sugua, kausha papo hapo. Visivyolowekwa: bawaba zenye kifaa cha kufunga polepole, maana maji yakiingia humo hakitafanya kazi tena. Alumini isiguse soda, inageuka nyeusi. Shaba isiguse amonia.

#15 Tone_la_Rangi

Mimi ni wa upande wa rangi, niseme kidogo kinachofuata, maana watu wanaosha vizuri kisha wanaharibu hapa.

Msasa baada ya kuosha hauna lengo la kutoa vanishi yote. Lengo ni kukata mng'ao. Namba 180 hadi 220 kwa mkono, ukifuata nyuzi, hadi uso wote uwe hafifu kama kioo chenye ukungu. Palipobaki panang'aa, praima haina pa kushika. Fomaika na melamini ni 220 kwa mkono mwepesi tu, ukitoboa lile tabaka lenye picha ya mbao umefika kwenye ubao wa ndani. Msasa ukiziba haraka na vidonge vinavyonata, hiyo ni taarifa: mafuta bado yapo. Simama, rudi kwenye kuosha. Usibadilishe karatasi na kuendelea.

Kabati iliyokwisha kupakwa rangi zamani ina suala la risasi, yaani ile metali ya sumu (lead) iliyotiwa kwenye rangi. Marekani walipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978, nchi nyingine zilifuata kwa nyakati zake, na nyingine zimechelewa sana. Kwa hiyo umri wa kabati pekee haukuambii kitu. Kabla ya kupitisha msasa mkavu kwenye rangi ya zamani usiyoijua, ipimwe. Ikiwa ina risasi, vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Kuosha kwa kitambaa chenye unyevu hakupeperushi vumbi, msasa mkavu unalipeperusha.

Vumbi la msasa litolewe kwa mashine ya kunyonya au brashi laini, kisha kitambaa chenye spiriti nyeupe. Kuanzia hapo msishike uso kwa mikono mitupu. Alama ya kidole ni mafuta, na mlango unaobebwa kwa kiganja tupu unaweza kurudisha doa palepale lilipotoka.

Praima: kwa kabati zilizokuwa na mafuta mengi, ya shelaki au ya mafuta. Hizo zinafunga doa na harufu. Praima ya kawaida ya maji huruhusu mabaki ya mafuta na tanini (rangi ya asili iliyo ndani ya mbao) kupenya, na rangi nyeupe inaota madoa ya njano baada ya siku chache. Kwa fomaika na melamini chagua praima iliyoandikwa kwamba ni ya kushika nyuso laini. Paka mlango mmoja, acha ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, halafu siku ya pili chora msalaba kwa wembe, bandika tepu juu yake, uibandue kwa mkupuo. Ikitoka na praima, milango mingine bado haijaharibika.

#16 DrooYaTatu

Mkuu Tone_la_Rangi, na rangi ikipakwa kisha ikajikunja kuwa vishimo vidogo vya duara, kama macho ya samaki, papo hapo inapokuwa mbichi? Inaongezwa rangi juu yake?

#17 Tone_la_Rangi

Usiongeze, na usiendelee kupiga brashi hapo. Macho ya samaki ni rangi inayokimbia kitu chenye mvuto wa uso (ile nguvu inayokusanya kimiminika kuwa tone) mdogo kuliko wake, na karibu kila mara ni silikoni au mafuta. Silikoni hutoka kwenye dawa za kung'arishia fanicha na vilainishi vya kupulizia bawaba. Kila mpigo wa brashi unaisambaza kwenye sehemu iliyokuwa safi, na brashi yenyewe sasa imebeba silikoni kwenda mlango unaofuata.

Kama rangi bado mbichi kabisa na eneo ni dogo, ifute yote, ufanye spiriti kwa vitambaa viwili kama alivyoeleza Kitambaacheupe, mara tatu, kila mara na vitambaa vipya. Kama imeanza kushika, iache ikauke hadi iwe ngumu, pitisha msasa 220 hadi vishimo vipotee, osha kwa spiriti, kisha paka praima ya shelaki nyembamba juu ya mlango wote. Shelaki ndiyo inayofungia silikoni chini. Ikikauka, mwanga wa taa ukiushika kwa ubavu utaona kama bado kuna kishimo. Ukikiona, shelaki ya pili. Rangi iliyomiminwa kwenye trei usiirudishe koponi, na brashi iliyopita hapo itengwe na kazi hii.

#18 MlangoWaJuu

Swali la mwisho. Baada ya rangi, kabati zitafutwa na nini? Tusije tukarudia yaleyale.

#19 Alikali

Wiki nne za kwanza, kitambaa cha maji na tone la sabuni ya vyombo, hakuna kusugua. Rangi za maji za kabati hugusika kavu ndani ya saa chache lakini ugumu wake kamili huchukua wiki 2 hadi 4, na mafuta yakitua kabla ya hapo yanaingia ndani yake kirahisi. Baadaye ni maji yaleyale na tone la sabuni, kila wiki kwa milango miwili iliyo juu ya jiko na ule wa pembeni, kila mwezi kwa mingine. Soda isirudi tena kwenye rangi mpya, wala dawa ya kung'arishia. Na sehemu ya vipini ifutwe mara nyingi kuliko zote, sentimita 10 kuzunguka kila kipini, mbele na kwenye ukingo wa mlango pale vidole vinapokunja.